Mafuta ya Ruthu kwenye Kitabu cha Vienna

SEHEMU YA SITA

Msomaji mmoja wa Singida amenitumia ujumbe: "Wewe Geofrey ni mshenzi, na gazeti linalokuchapa nalo ni la kishenzi." Gazeti litajitetea lenyewe. Mimi sina cha kujitetea, na akishamaliza kusoma ya leo ataongeza mengine.

Kwa aliyeanza nasi leo, mambo yako hivi. Mimi ni mtu wa masijala katika ofisi moja hapa Dodoma. Nina miaka hamsini na mitatu, mke mmoja, na ugonjwa wa vitabu. Si vitabu vyovyote tu. Ni vile vikubwa vya zamani, vyenye majalada ya ngozi na picha za miji mikubwa ya Ulaya, ambavyo wazungu walivileta huku kisha wakavisahau.

Ninavyo sita. Cha Paris nilikitoa kwa muuza mtama wa Majengo, alikuwa amekiwekea mizani juu yake. Cha Roma nilikifuata Kondoa kwa Hashimu fundi saa, na nilirudi nimekipakata safari nzima kama mtoto mgonjwa. Majirani wananiita Bwana Ulaya. Sijawahi kupanda ndege. Madaraja ya London nayajua kwa majina, lakini nikitumwa Mtumba kwenye Mji wa Serikali naulizia njia kwa bodaboda.

Kitabu cha saba nilikiiba.

Nilikiiba Mpwapwa kwa Mzee Mazengo, katekista mstaafu, ambaye baba yake aliachiwa kabati zima na wamisionari walipoondoka. Ni kitabu cha Vienna. Ndani yake kuna picha ya kukunjua, na ukiifungua yote inafunika meza. Mji mzima uko pale, mto, minara, hata nguo zilizoanikwa madirishani. Niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka saba, mwaka ambao ng'ombe wa baba walikwisha wote kwa ukame. Ukubwani nilimwomba Mzee aniuzie mara nne, akakataa mara nne. Mara ya tano sikuomba.

Lawama zilimwangukia Ruthu, mjane aliyekuwa akimpikia Mzee, kwa sababu ufunguo wa kabati alikuwa anakaa nao yeye. Siku ile aliliacha kabati wazi akaenda kunichemshia chai mimi.

Akafukuzwa kazi. Kisha baraza la wazee wa kanisa likamtenga. Hapokei meza ya Bwana, havai sare ya umoja wa akina mama, anakaa benchi la nyuma kabisa. Imekuwa hivyo miezi minne. Na sasa ilikuwa imebaki wiki moja binti yake wa pekee, Gladness, afunge ndoa, na kwa utaratibu wa kanisa letu mama aliyetengwa hasimami mbele kumkabidhi mwanawe. Upande wa bwana harusi, watu wa Kongwa, walishaanza kuulizana wanaoa nyumba gani.

Jumapili iliyopita niliishia stendi, kitabu kimo ndani ya mfuko wa sandarusi chini ya kilo tano za mchele, nimeamua kukirudisha. Nilikuwa nimeamua kukirudisha tu. Kusema ni habari nyingine.

Lakini kuna jambo moja sikuwaambia, kwa sababu nililiona dogo.

Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unapasua midomo ya mtu aliye hai, sembuse ngozi ya ndama aliyekufa zamani. Mgongo wa kile kitabu ulianza kukatika. Nikafanya alichokuwa akifanya baba yangu, na baba yake, kwa kila ngozi ya kulalia na kila mkanda wa ngoma: nikaupaka mafuta ya mkia wa kondoo, nikauweka juani, nikasugua, nikaurudisha juani. Mtoto yeyote wa Kigogo aliyekulia zizini anaijua kazi hiyo. Ngozi ililainika hadi nikaona fahari.

Mafuta nilinunua mnadani Mpwapwa. Aliyeniuzia ni Ruthu.

"Chupa nzima, shemeji?" aliniuliza. Ananiita shemeji kwa sababu alikua pamoja na mke wangu, Hilda. Walilala kitanda kimoja bwenini. "Watu wananunua kijiko tu, cha kifua cha mtoto."

"Ni ya mkoba wangu wa ngozi," nilimwambia. "Umekauka."

"Basi paka kidogo kidogo, uweke juani. Harufu isikusumbue, mimi natia karafuu. Mnada mzima ni mimi peke yangu ninayetia."

Alishafukuzwa kazi wakati huo, na mafuta yale ndiyo yaliyobaki kumlisha. Nilimlipa, nikamwachia chenji, nikaondoka nikijiona nimemsaidia mjane.

Nyumbani Hilda aliuliza, "Kinanuka nini humu?" Nikamjibu ni dawa ya goti langu. Akanihurumia.

Sasa tuendelee.

Nilifika Mpwapwa saa sita mchana, Jumamosi. Hilda alikuwa huko tangu Alhamisi kwa mambo ya kamati ya harusi, nikampigia kumwambia napitia kwa Mzee Mazengo kwanza.

"Vizuri," alisema. "Msalimie. Halafu mwombe amwonee huruma Ruthu, baba. Wewe anakusikiliza."

Mzee nilimkuta sebuleni, kwenye kiti chake cha kamba, uso ameuelekeza dirishani ingawa macho yake siku hizi yanatofautisha mwanga na giza tu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbukwa, Geofrey," akaongeza kwa Kigogo. "Nimekujua kwa viatu. Unaburuza mguu wa kushoto."

"Goti, Mzee." Uongo ukishauzoea unakuja wenyewe.

Nilikuwa nimepanga kukirudisha kitabu kabatini, mahali pake, katikati ya Lisboni na Praha. Lakini kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo sasa ulining'inia shingoni mwa Mzee kwa kamba ya kiatu. Niliutazama ukipanda na kushuka kila alipopumua.

Tulizungumza habari za mvua. Tulizungumza habari za mpwa wake anayempikia siku hizi, ambaye alikuwa ameenda mashineni kusaga. Hatimaye Mzee akachukua fimbo yake akaenda msalani, nje, hatua kwa hatua.

Kati ya kabati na ukuta kuna nafasi ya vidole vinne. Nikakitoa kitabu chini ya mchele, nikakifuta, nikakitumbukiza. Kilishuka vizuri kabisa, kikalala kiubavu sakafuni. Nilikaa chini nikifurahi, maana mpango ulikuwa safi. Kitabu kilidondoka nyuma. Hakuna aliyeiba. Ruthu anarudi kundini, mimi narudi Dodoma, na hakuna mtu yeyote anayepata aibu.

Mzee alipokaa tena, nikamwuliza, "Hivi Mzee, siku ile Vienna kilipopotea, mliangalia nyuma ya kabati?"

"Tuliangalia kila mahali."

"Hata nyuma?"

"Sijui. Mimi siwezi kuangalia kitu. Nilitegemea macho ya watu."

Nikalisogeza kabati kwa bega, nikahema kwa sauti ili asikie kazi ninayoifanya. "Mzee," nikasema. "Kiko hapa."

Nilikiweka mikononi mwake. Akakipapasa mgongo, akapapasa pembe, akakuta ile pembe iliyoumwa na panya tangu utoto wake. Kisha akalia, machozi yakamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Ruthu," alisema. "Nimemfanyia nini Ruthu? Niitie Mchungaji, mwanangu. Niitie sasa hivi. Nitamwomba msamaha mbele ya watu wote."

Kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, mimi nilikuwa mtu mwema. Niliona nimefuta yote. Nilishaitoa simu mfukoni natafuta namba.

Halafu Mzee akaacha kulia. Akakileta kitabu puani.

"Geofrey."

"Naam, Mzee."

"Vitabu vyangu vinanuka vumbi. Hiki kinanuka kondoo."

Simu ilinibaki mkononi. Miezi miwili nilikuwa nimekaa na harufu ile, nimekula nayo, nimelala nayo, pua ilishaacha kuisikia. Sikuwahi hata kuifikiria.

"Hiki hakikudondoka," Mzee alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Hiki kilikuwa kwa mtu, na mtu huyo amekipaka mafuta kama anavyopaka ngozi ya mbuzi. Na mafuta yenyewe yana karafuu."

"Mafuta ya kondoo wanauza wengi, Mzee."

"Yenye karafuu? Miaka sita ananikanda magoti haya kwa mafuta hayo. Nitayasahau?" Akakiweka kitabu mapajani. "Ruthu alikuja hapa Alhamisi kuchukua sufuria zake. Alibaki humu ndani peke yake, mimi niko uani. Nilimwonea huruma nikamwambia chukua na ungo. Kumbe alikuja kutupa ushahidi nyuma ya kabati."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe ni machache: si Ruthu, ni mimi. Nimeyaandika hapa kwa urahisi kabisa, mnaona. Pale sebuleni ulimi ulinikatalia.

"Niitie Mchungaji," Mzee alisema tena. Nikamwita.

Saa kumi walikuwa wamekaa: Mchungaji Sila, ambaye ni kijana wa miaka thelathini na kitu na mpole, wazee wawili wa kanisa, Mzee Mazengo, na mimi, shahidi. Kitabu kilikuwa juu ya meza. Ruthu aliingia na unga mikononi, wametoka kumwita kwenye maandalizi ya mwanawe.

Akasalimia wote. Kwangu akasema, "Shemeji, umekuja. Hilda kule anakusubiri na ugali." Hakuwa na wasiwasi wowote. Alidhani ameitiwa heri.

Mchungaji akamweleza. Kimepatikana, kilikuwa nyuma ya kabati, na kinanuka mafuta anayouza.

"Mimi?" Ruthu alisema.

"Kinuse," Mzee Mazengo alimwambia.

Akapangusa mikono kwenye khanga, akainama, akanusa. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko kunusa kunavyohitaji. Kisha akauchukua ukingo wa jalada kwa vidole viwili, akausugua, kama mama anavyosugua kitambaa dukani.

"Ni mafuta yangu," alisema.

Mzee mmoja wa kanisa akapumua kwa nguvu. "Basi."

"Ni mafuta yangu, lakini sikuyapaka mimi." Akanyooka. "Nani amekiona kitabu?"

"Geofrey," Mchungaji alijibu.

"Amekuja lini?"

"Leo mchana."

"Ahaa."

Akanitazama. Nimetazamwa na wakaguzi, nimetazamwa na mabosi waliokosa faili lao, lakini sijawahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri. Alinipa muda mzuri kabisa, wa kutosha kusema sentensi tatu, na mimi nikaanza kuokota punje za mchele zilizokuwa zimemwagika kwenye mkeka.

"Mchungaji," alisema, macho bado yako kwangu, "nikisema niliyauza kwa fulani, na fulani akakana, mtamwamini nani?"

Aliyejibu ni yule mzee wa kanisa. "Ufunguo ulikuwa kwako, mama. Mafuta ni yako. Alhamisi ulikuwa humu ndani. Sasa unataka kumtafuta wa kumsingizia?"

"Nimeuliza tu."

"Baraza linaweza kukaa tena," Mchungaji alisema taratibu. "Unaweza kuleta mashahidi. Lakini wazee wengine wako safarini, haliwezi kukaa kabla ya wiki mbili."

"Na harusi ni Jumamosi."

"Harusi ni Jumamosi."

"Na nikitubu kesho?"

"Ukitubu kesho mbele ya kanisa, unapokelewa kesho hiyo hiyo. Jumamosi unasimama na mwanao." Akaongeza, huku anauangalia mkono wake mwenyewe, "Lakini Mama Gladness, mtu anatubia kosa alilolifanya."

"Nimesikia," Ruthu alisema. Akafunga khanga upya kiunoni, akaaga kila mtu kwa jina lake, na mimi pia, akarudi kwenye unga wake.

Jioni ile sikula ugali. Hilda alinisimulia yote kana kwamba mimi ni mgeni wa habari hizo, huku analia. "Ruthu haibi," alisema. "Tukiwa shule aliokota shilingi akazunguka nayo siku mbili akitafuta mwenyewe. Wewe uliyekiona, huwezi kuwaambia kilikuwa na vumbi?"

"Hakikuwa na vumbi."

"Ungesema tu."

Asubuhi ya Jumapili niliamka nimeamua. Msicheke, safari hii kweli. Nilichukua karatasi nikaandika maungamo yangu, na kwa mazoea ya miaka ishirini na nane ya masijala nikajikuta nimeanza na "Kumb. Na." na "Yah: Kitabu cha Vienna." Nikafuta, nikaandika upya. Mistari minane. Nikaikunja nikaiweka mfuko wa shati, na njia nzima ya kwenda kanisani niliigusa kuhakikisha ipo.

Kanisa lilijaa. Mchungaji alisoma tangazo la tatu na la mwisho la ndoa ya Gladness, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, hakuna aliyekohoa. Gladness alikuwa kwaya, ameinamisha kichwa. Mzee Mazengo aliketi mbele, kitabu mapajani.

"Kabla hatujaendelea," Mchungaji alisema, "kuna mwenye neno la kutubu?"

Nilisimama. Nataka mjue kwamba nilisimama. Magoti yote mawili yalikuwa mazima na yaliniinua, na mkono wangu ulishaingia mfukoni.

Lakini Ruthu alishatoka benchi la nyuma. Alipita katikati, mikono ameikunja, hadi mbele, akageuka akatukabili.

"Mimi Ruthu," alisema, "natubu mbele za Mungu na mbele yenu. Kitabu cha Mzee Mazengo nilikichukua mimi. Nilikikalia miezi minne. Niliona mtu mwingine analaumiwa..." Hapo akasimama, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyelaumiwa, na kanisa zima lilijua hivyo. "Niliona watu wanasumbuka, nikanyamaza. Naomba mnisamehe, mnipokee."

Watu walidhani amechanganyikiwa kwa aibu. Mimi nilielewa alikuwa anasoma maungamo ya nani.

Mchungaji akaniona nimesimama. "Geofrey. Una neno?"

Vichwa vyote viligeuka. Hilda pembeni yangu akanishika mkono akaubana, anafurahi kwamba hatimaye namtetea rafiki yake. Ruthu aliniangalia toka kule mbele. Nikahesabu haraka, kama mtu anayeruka mtaro. Nikisema sasa, nimemfanya mwongo madhabahuni, dakika moja baada ya toba yake. Toba itavunjika. Jumamosi itavunjika. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na hadi leo sijui kama nilimfikiria yeye au nilishukuru kupata kisingizio.

"Nasema," nikasema, nikautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, "nasema tumpokee."

Akina mama wakapiga vigelegele. Wakamfuata mbele wakamkumbatia, mmoja akamvika kitambaa cha umoja shingoni. Gladness alishuka kutoka kwaya anakimbia. Mimi nikakaa, na ile karatasi ikakunjamana mfukoni.

Nilidhani yamekwisha, lakini Mzee Mazengo akanyoosha fimbo juu.

"Mchungaji, nami nina neno." Wakamsaidia kusimama. "Huyu mama nimemsamehe. Macho yangu yamekwisha, na nyumbani kwangu hakuna anayesoma tena. Nimelala nikifikiri. Kitabu kilipotea, watu wote tukashindwa, Geofrey akaja siku moja akakiona. Tangu mtoto anavipenda vitabu vile. Aliniomba mara nne nikamkatalia kwa uchoyo, na hakuninunia, aliendelea kunitembelea. Sasa vyote vya kabati lile nampa yeye. Kabati atalifuata akipata gari. Hiki akichukue leo."

Kanisa likapiga makofi. Nikapelekwa mbele, sikwenda kwa miguu yangu, watu walinisukuma kwa furaha. Nikapokea Vienna kwa mikono miwili, ikanuka karafuu, nikasema asante.

Nimekitamani kitabu kile miaka arobaini na sita. Kilikuwa kizito, na nilitamani kife mikononi mwangu.

Kwetu ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Wa kwanza kutoka anasimama mlangoni, wa pili anamsalimia kwa mkono na kusimama pembeni yake, wa tatu anawasalimia hao wawili, na hivyo hivyo, hadi mstari unazunguka ua mzima na kila mtu amemshika kila mtu mkono. Hakuna namna ya kukwepa. Ukiwa kwenye mstari, wote watakufikia.

Nilisimama juani, kitabu kwapani, Hilda kulia kwangu. Watu walipita wakinipa mkono. Hongera, Geofrey. Mungu akubariki, Geofrey. Walio nyuma kanisani ndio wanaotoka mwisho, na wakati wote ule nilikuwa namwona Ruthu akija, mkono kwa mkono, anacheka na huyu, anafuta machozi na yule, kitambaa cha umoja shingoni.

Alimfikia Hilda kwanza. Wakakumbatiana, wakayumba.

"Jumamosi utasimama mbele," Hilda alimwambia.

"Nitasimama, mama. Nimeshalipia."

Kisha akanifikia mimi. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Hakuuachia.

"Hongera, shemeji, kwa kitabu."

"Asante, Mama Gladness."

"Ngozi imelainika vizuri." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari za watoto. "Na ule mkoba wako, ulioununulia chupa nzima, nao umelainika?"

Nilifungua mdomo, lakini Hilda, aliyekuwa bado anajifuta macho na kucheka, akanisaidia kujibu.

"Mkoba gani, Ruthu? Huyu hana mkoba wa ngozi, tangu anioe anabeba mfuko wa sandarusi." Akanigeukia, tabasamu bado liko usoni. "Chupa ile si ulisema ni ya goti?"

Ruthu alibaki ameushika mkono wangu. Hilda akanitazama mimi, akatazama kitabu kwapani mwangu, akasogea hatua moja, akainamisha uso hadi pua yake ikagusa ngozi.